Mkimbizi Naye Anaweza Kugombea?

 Kama wewe ni mwenzangu wa huku juu, Kibondo, Kakonko au Kasulu, basi natumaini maharage yamekubali shambani. Mwezi huu tunaweka pembeni kidogo mawifi, wivu na simu zinazolazwa kifudifudi usiku. Tunazungumzia kiti. Si kiti cha sebuleni, la. Ni kile kiti anachokalia mtu aliyechaguliwa na wenzake akawasemee.

Najua utasema, "Ah, dada naye kaingia kwenye siasa!" Subiri kwanza. Mambo haya yanaanzia nyumbani, kati ya babu na mjukuu, baba na binti, mtu na mchumba wake. Kwa hiyo bado tuko palepale petu.

Kilichonichokoza ni ujumbe wa binti mmoja (jina tunalo). Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Mimi nilizaliwa kambini. Nimesoma, napenda uongozi na wenzangu wananisikiliza. Mchumba wangu anasema nikome. Eti mkimbizi na siasa ni wapi na wapi, na nikiwa mwanamke ndo kabisa. Je, ni kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka haraka lingekuwa "Usimsikilize, wewe unaweza!" halafu tukaagana. Lakini hilo si jibu, ni peremende. Tamu mdomoni, baadaye njaa iko palepale. Mchumba wako kasema maneno yenye ukweli kidogo ndani yake na uongo mwingi, na inabidi tuchambue kama tunavyochambua mchele. Nitafanya hivyo kwa kukusimulia njia aliyopita mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mkimbizi hapa hapa Afrika Mashariki, tena kwenye pwani inayosema Kiswahili, hadi akaketi kwenye bunge la jimbo kule Marekani. Jina lake ni Ilhan Omar.

Mtoto wa Utango

Ilhan alizaliwa Mogadishu, Somalia, akiwa kitinda mimba katika watoto saba. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, hata sura hakuishika vizuri. Akalelewa na baba yake, Nur Omar Mohamed, mtu wa kazi ya ualimu, na babu yake Abukar, aliyekuwa mkubwa katika idara ya usafiri wa majini ya serikali. Hawakuwa watu wa shida. Walikuwa na nyumba, kazi na heshima zao.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, na vita ikaingia mitaani. Wenye bunduki wakavamia nyumba yao usiku. Ilhan alikuwa na kama miaka minane. Familia ikakimbia, ikavuka mpaka na kuishia kwenye kambi ya Utango, karibu na Mombasa. Wakakaa hapo miaka minne.

Kwa msomaji wa Dar au Arusha, miaka minne kambini ni maneno tu. Sisi wa Kasanda tunaelewa. Jirani yetu palikuwa na kambi ya Mtendeli. Ilifunguliwa tena Januari 2016 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015, ikafungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Kiha chetu na Kirundi chao ni kama mtu na mdogo wake, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani kusalimiana. Niliona foleni ya maji, ndoo za njano zimepangwa tangu alfajiri. Niliona akina mama wakitafuta kuni kwa hofu. Na niliona jambo jingine ambalo ndilo kiini cha makala hii. Niliona mabinti wa miaka kumi, kumi na miwili, wakisimama mbele ya mganga aliyetoka mbali asiyejua Kirundi, wakimtafsiria bibi yao kwa Kiswahili. "Anasema mgongo unamuuma usiku. Anasema dawa ya juzi ilimtapisha." Bibi anaongea, binti anasema, mganga anaandika. Wakati ule niliona ni utiifu wa watoto tu. Leo naona pale palikuwa na kazi ya uwakilishi, ila hakuna aliyeipa jina hilo.

Kumbuka picha hiyo, maana tunairudia sasa hivi.

Babu na mkalimani wake

Mwaka 1995 familia ya Ilhan ikapokelewa Marekani. Wakaanzia jimbo la Virginia. Shuleni wenzake walimchokoza kwa sababu ya ushungi wake, wakamsukuma kwenye ngazi, wakambandika ubani wa kutafuna kwenye kitambaa. Kiingereza alikuwa hana, lakini inasemekana alikishika ndani ya miezi michache, sehemu kubwa kwa kutazama televisheni. Mwaka 1997 wakahamia Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Minnesota, kulikokuwa na Wasomali wengi.

Hapa tuelewane kwanza kuhusu neno "jimbo". Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kwa Wamarekani jimbo ni kama nchi ndogo ndani ya nchi kubwa. Lina gavana wake, sheria zake na bunge lake. Siasa za jimbo ndizo zinazoamua mambo ya karibu na mwananchi, kama ada ya chuo, fedha za shule na barabara. Wengi wanaofika Washington hupitia huko kwanza.

Basi, babu Abukar alikuwa na ugonjwa mmoja mzuri, ugonjwa wa kupenda kura. Alitoka kwenye nchi iliyosahau habari za kuchagua viongozi, na sasa yuko mahali ambapo hata mtaa unafanya mkutano wa chama, watu wanaketi kwenye viti vya shule na kubishana nani awasemee. Alitaka kwenda kila mara. Tatizo, Kiingereza. Akamchukua mjukuu wake wa kike, wa miaka 14, awe mkalimani wake.

Fikiria hilo, mpenzi msomaji. Ilhan hakuingia kwenye siasa kwa hotuba. Aliingia kwa sababu babu yake alitaka kuelewa kinachosemwa. Alikaa katikati ya wakubwa, akasikiliza hoja moja moja, akazigeuza Kisomali, akachukua maneno ya babu na kuyarudisha kwa Kiingereza. Huwezi kutafsiri hoja usiyoielewa. Kwa hiyo kila mkutano ulikuwa darasa, na mwalimu hakujua kama ni mwalimu.

Sasa mwenzangu, huku kwetu ni mababu wangapi wanaokwenda na mjukuu wa kike kwenye mkutano wa kijiji? Wa kiume atabebeshwa kiti cha babu, atakaa nyuma asikilize. Wa kike atabaki anasonga ugali. Halafu miaka ishirini baadaye tunaulizana kwa nini wanawake hawagombei! Hawakuwahi kuona jinsi wakubwa wanavyobishana.

Kupanda ngazi bila kuruka

Mwaka 2000, akiwa na miaka 17, Ilhan akapata uraia wa Marekani. Weka alama hapo, tutarudi.

Baada ya hapo hakukimbilia jukwaa. Alimaliza sekondari mwaka 2001. Akaolewa, akazaa, akawa mama wa watoto watatu. Kuanzia 2006 hadi 2009 alifanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota, akifundisha familia mambo ya lishe. Chuo chake mwenyewe, North Dakota State University, alimaliza mwaka 2011, akiwa na digrii ya siasa na mambo ya kimataifa. Yaani miaka kumi ilipita kati ya cheti cha sekondari na digrii. Wewe unayesema "umri umenipita" soma sentensi hiyo tena.

Mwaka 2012 akaongoza kampeni, lakini si yake. Ilikuwa ya Kari Dziedzic, aliyegombea tena useneta wa jimbo. Mwaka 2013 akaongoza kampeni ya Andrew Johnson, aliyegombea udiwani wa Minneapolis. Johnson akashinda, na Ilhan akawa msaidizi wake mkuu hadi 2015. Hiyo ndiyo kazi isiyo na picha kwenye gazeti. Unapokea simu za wananchi wenye hasira kwa sababu taka hazijazolewa. Unapanga mikutano. Unajua mtaa gani una malalamiko gani, na nani akisema watu wanasikiliza.

Hapo katikati yalimkuta makubwa. Februari 2014, katika mkutano wa chama wa mtaa, vurugu zilizuka na yeye akashambuliwa na watu kadhaa, akaumizwa. Wengi wetu tungesema "yameisha, narudi jikoni." Yeye akarudi kazini.

Mwaka 2016 akasema sasa ni zamu yangu. Kiti alichokitaka kilikuwa cha eneo la 60B katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Ni eneo lenye wanafunzi wengi wa chuo kikuu na lenye mtaa wa Cedar-Riverside, wenye Wasomali na Waafrika wengine tele. Aliyekikalia alikuwa Phyllis Kahn, mama mwenye heshima zake, aliyekuwa bungeni tangu mwaka 1973. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 40! Na kulikuwa na mgombea wa tatu, Mohamud Noor, naye Msomali, mwanaume, aliyekuwa ameshajaribu kumwondoa Kahn mwaka 2014.

Unaweza kukisia maneno yaliyokuwa yakizunguka. Muache mwanaume ajaribu tena. Mtagawana kura za Wasomali, mtapoteza wote. Wewe una watoto. Hayo maneno hayahitaji tafsiri, yanasemwa Kisomali, Kiha, Kirundi na Kichaga, na yana ladha ileile.

Ilhan hakutegemea kabila lake peke yake. Aliwafuata wanafunzi wa chuo, akawafuata akina mama wa Afrika Mashariki, akawafuata wazungu wa mitaa ya jirani. Tarehe 9 Agosti 2016 zikapigwa kura za maoni. Alipata kama asilimia 41. Noor na Kahn wakaachwa nyuma, kila mmoja akiwa na takriban asilimia 29. Kwenye uchaguzi wenyewe wa Novemba, mpinzani wake wa chama cha Republican, Abdimalik Askar, naye mtu wa jamii ya Wasomali, alikuwa ameshasimamisha kampeni yake.

Hivyo ndivyo Ilhan alivyokuwa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la Marekani. Januari 2017 akaapishwa. Chama chake kilikuwa na wajumbe wachache bungeni humo, lakini wenzake wakamchagua kuwa mmoja wa wasaidizi wa kiongozi wao.

Mwaka 2018 Keith Ellison aliacha kiti chake cha Bunge la Marekani ili agombee uanasheria mkuu wa jimbo. Ilhan akakigombea, akashinda. Yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake wa kwanza Waislamu katika bunge hilo. Palikuwa na kanuni ya tangu mwaka 1837 iliyokataza kuvaa kofia ukumbini. Ikabidi ilegezwe Januari 2019 ili mwanamke mwenye ushungi aingie. Aliapa kwa Kurani iliyokuwa ya babu yake marehemu. Babu aliyekuwa anahitaji kutafsiriwa.

Na yule Mohamud Noor? Mwaka huohuo wa 2018 alichukua kiti cha 60B alichokiacha Ilhan. Waliosema "mtapoteza wote" sijui walijificha wapi.

Si yeye peke yake

Usidhani ni bahati ya mtu mmoja. Mwaka 2018 Hodan Hassan naye aliingia bunge la Minnesota. Mwaka 2022 Deqa Dhalac na Mana Abdi wakachaguliwa katika bunge la jimbo la Maine, Wasomali wa kwanza humo.

Kabla yao walitangulia Wavietnamu, waliokimbia nchi yao baada ya vita kuisha mwaka 1975. Hubert Vo aliingia bunge la jimbo la Texas kwa uchaguzi wa mwaka 2004. Alimwangusha mtu aliyekaa humo zaidi ya miaka 20, na baada ya kura kuhesabiwa upya tofauti ilikuwa kura 33 tu. Thelathini na tatu! Hiyo ni idadi ya wageni kwenye kitchen party ndogo. Australia nako, Hieu Van Le alifika Darwin kwa mashua mwaka 1977 akiwa mkimbizi, na kuanzia 2014 hadi 2021 akawa Gavana wa jimbo la South Australia.

Kwa hiyo uongo wa kwanza wa mchumba tumeshauchambua na kuutupa. Mkimbizi na siasa si wapi na wapi. Mtu aliyepoteza nchi yake kwa sababu ya siasa mbaya anajua thamani ya siasa nzuri kuliko aliyelala usingizi. Na uongo wa pili, wa mwanamke, nadhani Ilhan, Hodan, Deqa na Mana wameshaujibu.

Sasa ule ukweli

Nilikwambia uweke alama mwaka 2000. Ilhan aliwasili 1995, miaka mitano baadaye akawa raia. Huo ndio utaratibu wa Marekani. Mkimbizi aliyepokelewa huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Bila karatasi ile, akili yake yote na Kiingereza chake chote kingeishia kumtafsiria babu. Kipaji alikuwa nacho tangu Utango. Mlango ndio aliopewa baadaye.

Hapa Tanzania mambo ni tofauti. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamweka mkimbizi kambini, na kutoka anahitaji kibali. Kwa jinsi inavyotumika, mtoto wa wakimbizi wawili anahesabiwa mkimbizi kama wazazi wake, hata kama kitovu chake kimezikwa Kibondo. Na Katiba yetu, ibara ya 67, inasema mbunge lazima awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa. Mdogo wangu, masharti mengine unaweza kuyatimiza kesho asubuhi. Lile la uraia ndilo linalokuzuia, na hilo haliko mikononi mwako wala mwa mchumba wako.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Nchi hii imebeba mzigo ambao nchi nyingi tajiri zimekimbia. Mwaka 2000 tulikuwa na wakimbizi zaidi ya 600,000, wengi wao mkoani kwetu na Kagera. Tulikata miti pamoja, tukagombania visima pamoja, tukauziana mihogo na sabuni sokoni pamoja. Na Tanzania imeshafanya jambo ambalo dunia nzima ililitazama kwa mshangao. Wale Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, serikali iliamua mwaka 2007 kuwafungulia njia ya uraia, na wapatao 162,000 wakaupata. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014.

Lakini piga hesabu. Ilhan, miaka mitano. Mzee wa Katumba, kutoka 1972 hadi 2014, miaka 42. Aliyeingia akiwa binti wa miaka 14, umri uleule wa Ilhan kwenye mkutano wa babu, amepata cheti akiwa bibi wa miaka 56. Ni nani anajua alikuwa na kipaji gani huyo? Nani anajua angekuwa diwani wa aina gani? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko habari za wivu. Hatuwezi kuhesabu viongozi ambao hatukuwapata.

Bei yake

Nisikudanganye pia kwamba ukifika juu mambo ni maua matupu. Julai 2019 Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, aliandika kwamba Ilhan na wenzake watatu warudi kwenye nchi walikotoka, ingawa hao watatu walizaliwa Marekani. Siku chache baadaye umati kwenye mkutano wake ukaimba Ilhan arudishwe kwao. Miaka 24 tangu afike nchini, karibu 19 tangu awe raia, bado anaambiwa rudi. Aliporudi kweli, alirudi Minneapolis, na uwanja wa ndege ulijaa watu waliokuja kumlaki kwa kusema karibu nyumbani.

Makosa yake mwenyewe nayo yalimgharimu. Februari 2019 aliandika maneno kuhusu Israel na fedha ambayo wengi, hata wa chama chake, waliyaona ni ya kuwadhalilisha Wayahudi. Akaomba radhi hadharani. Februari 2023 wabunge wa Republican walipiga kura kumwondoa kwenye kamati ya mambo ya nje. Kuna wanaompenda na kuna wasiotaka hata kumsikia, na hilo ni la kawaida kwa mwanasiasa. Ila wapiga kura wake walimrudisha mwaka 2020, 2022 na 2024.

Na nyumbani? Mwaka 2019 ndoa yake ilivunjika, mwaka 2020 akaolewa tena, na magazeti yakala sana humo. Juni 2020 akampoteza baba yake kwa Korona. Mwanamke akiwa kiongozi, chumba chake cha kulala kinageuka uwanja wa mpira. Kila mtu anataka tiketi. Mwanaume mwenye mambo yaleyale anaulizwa kuhusu bajeti.

Uanzie wapi?

Haya mdogo wangu, na wengine wote mlio kambini au jirani na kambi, au mjini kabisa lakini mnaogopa. Chukueni haya.

*Tafsiri.* Anayejua lugha ya nyumbani na lugha ya ofisi ana nguvu. Msaidie mama kliniki, msaidie mzee kwenye foleni ya chakula. Watu humkumbuka aliyewasemea siku walipokuwa bubu.

*Anza na kiti kilicho wazi.* Kambini kuna viongozi wa kanda na vijiji wanaochaguliwa na wakimbizi wenyewe. Kuna kamati za maji, za shule, na vikundi vya kuweka na kukopa. Hivyo havihitaji uraia. Ukimaliza mwaka mmoja ukiwa mweka hazina na hela haijapotea hata shilingi, umeshafanya kampeni.

*Beba mkoba wa mwingine.* Ilhan aliongoza kampeni mbili za watu kabla ya kuanza yake. Kuwa nyuma ya kiongozi si udhalili, ni shule isiyo na ada.

*Tunza karatasi zako.* Kadi, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa. Ukiwa na swali kuhusu hadhi yako muulize ofisa wa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi au mtu wa msaada wa kisheria. Usimpe hela kijana wa stendi anayesema ana "njia yake" ya uraia. Njia hiyo inaishia mahakamani.

*Usihesabu kabila lako tu.* Ukitaka kuwasemea watu, jifunze kusalimia hata wasiofanana na wewe.

Na kwa wewe mchumba, kaka yangu, najua gazeti hili utaliona. Sikugombezi. Inawezekana unaogopa ataumizwa, na hofu hiyo ina sababu. Mwambie basi kwamba unaogopa, badala ya kumwambia hawezi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mwanamke anaishi na maneno uliyochagua miaka mingi baada ya wewe kuyasahau. Ilhan alikuwa na mzee aliyemshika mkono na kusema twende wote, nieleze wanasema nini. Hakumnunulia gari wala hakumlipia kampeni. Alimpeleka tu. Wewe siku ya mkutano wa kamati ya maji, mshikie mtoto wa dada yake, mwambie nenda, ukirudi unisimulie.

Wazazi na mababu, mkutano ujao wa kijiji, muiteni mjukuu wa kike abebe kiti. Akiuliza maswali njiani mkirudi, msimnyamazishe.

Nataka na nyinyi wengine mniandikie. Je, binti yako, mkeo au mchumba wako akikwambia leo usiku, "Nataka kugombea," neno la kwanza kutoka mdomoni mwako litakuwa lipi? Niambieni ukweli, majina nitayahifadhi kama kawaida. Mwezi ujao tunarudi kwa mawifi, na safari hii wamenitumia barua wenyewe. Mpaka hapo, kaeni salama. Amahoro.